Tupeane uzoefu: filamu za mapigano za bajeti ndogo, kipi kinamchosha mtazamaji na kipi kinamkamata?

Mwanzisha uzi

Wakuu, tuzungumzie zile filamu za mapigano zinazotoka moja kwa moja kwenye kanda au diski bila kupita ukumbi wa sinema. Kila anayezifahamu, kwa kuzitazama au kwa kuzitengeneza, aweke anachokijua: kwa nini nyingine zinazimwa dakika ya kumi, na nyingine watu wanazirudia mpaka diski inakwaruzika. Habari za nani alianzaje tuziache, tuweke kazi mezani.

Nifungue mimi. Ukata wa bajeti si tatizo. Anayechukua filamu ya namna hii anajua fika kwamba haina fedha, ameshasamehe kabla haijaanza. Asichosamehe ni jalada. Nje kuna helikopta, jengo linawaka moto na sura ya staa imejaa nusu ya karatasi. Ndani helikopta haimo, na staa ukimjumlisha hafikishi dakika kumi. Hasira nyingi unazosoma kwenye maoni ya watazamaji zinaanzia hapo.

Mtazamaji wa siku nyingi

Nikazie hapo kwenye staa. Mara nyingi analipwa kwa siku, kwa hiyo anaajiriwa siku mbili au tatu tu, na matukio yake yote yanapigwa mahali pamoja. Ukishajua dalili zake huwezi tena kutoziona. Yuko ofisini, amekaa, anaongea na simu. Ukuta nyuma yake ni uleule mwanzo hadi mwisho, ila wamebadilisha taa na kuhamisha picha iliyotundikwa. Akilazimika kusimama na mwenzake, kamera inakaa nyuma ya bega la mtu aliyevaa koti lake, na kisogo hakifanani na chake. Mikono inayojaza risasi haionekani kamwe pamoja na uso. Baadhi ya mistari inasemwa akiwa amegeuka, na sauti si yake.

Ajabu ni kwamba dawa yake ni nyepesi. Mwandike awe mtu ambaye kwa asili yake hatoki alipo: mkuu wa genge aliye gerezani, hakimu, jemadari mgonjwa. Hapo ukuta mmoja unakuwa sehemu ya hadithi na mtazamaji haoni kapunjwa.

Mpiga kamera

Tushuke kwenye ngumi zenyewe, maana ndizo watu wanazofuata. Ngumi ya sinema haigusi, inapita sentimeta 15 hadi 20 mbele ya shavu. Kinachoficha nafasi hiyo ni kamera kukaa kwenye mstari mmoja na wapiganaji, nyuma ya bega la mpigaji au la mpigwaji. Tumia lenzi ndefu, milimita 85 hivi, kwa sababu inawabana wawili hao waonekane wamegusana. Sogea hatua moja tu pembeni na mwanga unapenya kati ya ngumi na uso. Hapo ndipo watu wanapocheka.

Kosa jingine ni la mpigwaji, si la mpigaji: kichwa kinaruka kabla ngumi haijafika. Afadhali achelewe kidogo kuliko awahi, kwa sababu kuchelewa mhariri anaweza kukuokoa, kuwahi hawezi.

Kuhusu kasi: filamu inaendeshwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha tuli 24 zinazofuatana. Ukirekodi pambano kwa fremu 22 kisha ukaliendesha kwa 24, kila kitu kinaongezeka kasi kwa karibu asilimia 9, na jicho halilalamiki. Ukishuka hadi 18 umeharibu. Wapiganaji wanaweza kuvumilika, lakini angalia nywele, moshi wa sigara na maji yanayomwagika. Hivyo ndivyo vinavyokusaliti.

Mhariri wa picha

Naomba nimpinge kidogo anayeamini kwamba kutikisa kamera na kukata kila nusu sekunde kunaficha udhaifu. Kunaficha udhaifu na kunaficha pambano lenyewe. Mtazamaji hajui tena nani yuko kushoto, mlango uko wapi, kisu kimeangukia upande gani. Akishapotea haogopi tena, anasubiri tu mshindi atangazwe.

Utaratibu wenye faida ni huu. Anza na picha pana inayoonyesha chumba chote, watu wote na vitu vitakavyotumika: meza, chupa, dirisha. Acha mapigo matatu au manne yaende bila kukata. Ukikata, kata katikati ya mwendo, mkono ukiwa njiani, usingoje utue. Halafu kipande kinachofuata kirudie fremu 2 au 3 za mwendo uleule. Kwa hesabu umerudia. Kwa jicho umeunganisha, kwa sababu picha inapobadilika jicho linapoteza fremu hizo likitafuta pa kutua. Ukiunganisha kihesabu kabisa, pigo linaonekana limeruka.

Kuhusu vipande vya kuazima: mlipuko au msafara wa magari unaochukuliwa kutoka filamu ya zamani unaokoa fedha, lakini linganisha mambo matatu kabla hujauweka: chembechembe za picha, rangi ya anga, na taa za nyuma za gari. Mtazamaji wa kawaida hatataja chembechembe. Gari likiingia kwenye daraja na taa za duara likatoka na taa za pembe nne, hilo atalisema.

Fundi sauti

Mnazungumza picha tu, wakuu. Picha mbaya watu huivumilia saa nzima, lakini sauti mbaya hata dakika tano hawavumilii. Filamu nyingi za aina hii zinaangushwa na mazungumzo, si na mapigano. Maikrofoni imekaa juu ya kamera, mita tatu kutoka mdomoni, inachukua mwangwi wa ukuta na jenereta la nje. Ikiwa pesa ni kidogo, punguza gari moja, mlipe mtu wa kushika maikrofoni kwenye fimbo, sentimeta 50 juu ya kichwa cha msemaji.

Kabla hamjahama chumba, wote wanyamaze, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Kila chumba kina ukimya wake. Usipokuwa nao, kila mhariri anapokata neno, nyuma panazimika ghafla kama umeme umekatika, na mtazamaji anajua kuna kitu kimekosewa hata kama hawezi kukitaja.

Pigo moja linahitaji sauti tatu. Kwanza upepo wa mkono, kijiti chembamba kikipungwa karibu na maikrofoni. Pili pigo lenyewe, kofi kwenye kipande cha nyama chenye mfupa, au rungu kwenye mto wa ngozi. Tatu nguo, koti likikung'utwa. Mfupa unaovunjika ni shina la selari, ile mboga ya majani, lipindwe taratibu halafu kwa nguvu. Msiweke mlio mmoja kwa mapigo yote. Ngumi ya tumbo ni nzito na butu, ya taya ni kali. Mlio uleule ukirudiwa mara ishirini, pambano zuri linageuka katuni.

Mtu wa madoido

Damu: kikombe 1 cha sharubati ya glukosi, kijiko 1 cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, matone 2 ya bluu, na kijiko cha kakao kilichokorogwa kwanza na maji kidogo. Kakao ndiyo inayoifanya isipenye mwanga, bila hiyo inang'aa kama jamu. Matone machache ya sabuni ya vyombo yanasaidia nguo kufulika, lakini yenye sabuni isiwekwe mdomoni. Jaribu chini ya taa mtakazotumia, kwa sababu taa yenye ubaridi inaigeuza waridi.

Risasi za kuchora kwenye kompyuta zinalalamikiwa sana, na sababu ni moja: mmeko, yaani moto unaomulika mdomoni mwa bunduki, unawekwa, mwanga wake hauwekwi. Mmeko ukae fremu 1 tu, na fremu hiyohiyo uso wa mpigaji na ukuta wa jirani vipate mwanga. Mkono nao urudi nyuma. Bastola isiyomtikisa aliyeishika haimwogopeshi yeyote.

Mchangiaji mwingine

Mfano wa filamu iliyopokelewa vizuri: Undisputed ya kwanza ilitoka sinema mwaka 2002. Ya pili, mwaka 2006, ikaenda moja kwa moja kwenye diski ikiwa na mwongozaji mwingine, Isaac Florentine. Humo Scott Adkins alicheza adui, Yuri Boyka. Watu walimpenda adui kuliko steringi, na filamu ya tatu, mwaka 2010, ikamfanya yeye ndiye steringi. Tazama kilichowavuta: kamera inakaa mbali kiasi cha kuona miguu, na anayeruka ni yeye mwenyewe. Halafu goti lililovunjwa kwenye ya pili linambebesha shida kwenye ya tatu. Maumivu yanaendelea, hayafutwi kesho yake.

Mwanzisha uzi

Hilo la goti lichukueni, halina gharama yoyote. Mtu akiumia bega dakika ya 20, mkono huo usinyanyue bunduki dakika ya 60. Mtu mmoja akae na daftari: jeraha, upande, siku ya hadithi, nguo. Matukio hayapigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo bila daftari kidonda kitahama shavu. Anayejua mambo ya kupindua magari aendelee hapa chini.