Mashindano ya baiskeli za milimani Naivasha nikiwa kambini na familia: nijiandae vipi?

Mwendeshaji wa Likoni

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Mombasa, nina umri wa miaka 42, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli ya milimani kila Jumamosi alfajiri kutoka Likoni hadi Kwale na kurudi. Agosti, shule zitakapofungwa, nitakwenda na mke wangu na watoto wetu wawili kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Jumamosi asubuhi kutakuwa na mashindano madogo ya watu wa kawaida karibu na hapo, kilomita 40 za njia za vumbi na mawe, nami nimeshajiandikisha, ingawa sijawahi kushindana popote.

Naomba ushauri wa waliowahi. Je, nibebe baiskeli yangu juu ya gari safari yote hiyo, au nikodi hukohuko? Nimesikia pia kwamba sisi watu wa pwani hukatika pumzi bara. Linalonisumbua zaidi ni hili: nitalalaje vizuri ndani ya hema usiku wa kuamkia mashindano, bila kuwanyima watoto likizo niliyowaahidi tangu Januari?

Fundi wa Menengai

Kaka, njoo na baiskeli yako. Za kukodi zinafaa kwa matembezi, lakini siku ya mashindano unahitaji chombo ambacho mwili umekizoea, kuanzia urefu wa kiti hadi ile gia moja ambayo wewe peke yako unajua kwamba huchelewa kuingia.

Ukishafika, ogopa miiba kuliko milima. Kambi nyingi za kando ya ziwa ziko chini ya migunga yenye gome la manjano, ambayo ina kivuli kizuri mno, na ndani ya nyasi za kivuli hicho kumelala miiba mieupe iliyokauka, mirefu kama kidole. Mara yangu ya kwanza kushindana huko niliisukuma baiskeli kutoka hemani hadi bombani ili niioshe, hatua thelathini hivi, nikalala tairi likiwa limejaa. Alfajiri nikakuta rimu imekaa chini. Nilibadilisha tyubu gizani kwa pupa, nikaenda kuanza na wenzangu, na kabla ya kilomita ya 6 tairi lilelile likaisha upepo tena, kwa sababu sikulipapasa ndani na ncha ya mwiba ilikuwa bado imekwama humo, fupi kuliko punje ya mchele. Nilimaliza nikiwa wa mwisho kabisa, na pancha zote mbili zilikuwa zimetokana na mwiba mmoja niliouokota kambini.

Kwa hiyo kambini ibebe begani, usiisukume hata hatua tano. Ikitokea pancha, chomoa tairi, kisha pitisha vidole ndani yake polepole, mzunguko mzima, hadi mwiba ukuchome kidogo. Hapo ndipo utie tyubu mpya. Ikiwa rimu na tairi zako zinakubali kutumika bila tyubu, mwombe fundi azifunge hivyo na atie ile gundi ya maji inayoziba matundu yenyewe, kwani kwa njia za Naivasha sijaona kinga iliyo bora zaidi. Kwa tairi zenye tyubu, usijaze kama unavyojaza kwa lami ya Likoni. Mimi, mwenye kilo 75, hutumia upepo wa PSI 30 hivi (kipimo kinachoonyeshwa kwenye pampu), kwa sababu vumbi la huko limetokana na majivu ya volkano, ni laini kama unga, na tairi gumu huteleza juu yake. Vumbi hilo pia hugandamana na mafuta mazito na kuula mnyororo, hivyo tumia mafuta mepesi, matone machache, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu.

Mama wa Eldoret

Kaka yangu, nami nilizaliwa pwani, Kilifi, kabla ya kuolewa huku, kwa hiyo suala la pumzi nalijua mwilini mwangu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mkandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, maana yake kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni kidogo kuliko uliyozoea. Siku mbili hazitoshi kuuzoesha mwili, basi panga mbio zako kwa kulikubali hilo. Kwenye kilima cha kwanza waache wenye haraka waende, na tumia gia nyepesi kuliko unavyodhani unaihitaji, kwa sababu mtu wa pwani akishakata pumzi huko juu huchukua muda mrefu sana kuirudisha.

Kuhusu usingizi, usiku wa kuamkia mashindano karibu kila mtu hulala vibaya, hata kitandani kwake, kwa hiyo wekeza katika usiku wa Alhamisi. Baridi ya Agosti itawashangaza watoto. Laleni juu ya godoro jembamba au mkeka mnene, kwa sababu baridi inayokatiza usingizi hutoka ardhini, na blanketi la juu haliizuii. Chagueni kambi yenye uzio upande wa ziwa, kwani viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na mtoto asitoke peke yake kwenda chooni. Chakula kiwe kilekile cha nyumbani: ugali au wali jioni, na asubuhi uji na ndizi, muda wa saa mbili hivi kabla ya mbio kuanza.

Baba Zawadi, Arusha

Naongeza kuhusu watoto tu. Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, basi Jumapili iwe siku yao: wakodieni baiskeli langoni, nendeni mwendo wao, nawe usizungumzie muda wala nafasi uliyopata. Mkiona nyati, simameni mbali na msubiri apite. Korongoni hushukwa kwa miguu na mwongozaji, na kukiwa na dalili yoyote ya mvua, hata kama inanyesha mbali, msiingie. Mwaka 2019 maji yaliyoshuka ghafla yaliwaua watu saba humo.

Mwendeshaji wa Likoni

Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote, naye ameshaichukua Jumapili na kuiandika kwenye kalenda ya jikoni. Rimu zangu ni za zamani, hazikubali gundi, kwa hiyo nitabeba tyubu za akiba tatu. Je, zatosha?

Fundi wa Menengai

Zatosha, ila kila moja izungushie kitambaa au soksi kuukuu kabla ya kuitia mfukoni pamoja na vyuma. Nimewahi kutoa tyubu mpya njiani nikaikuta imekwishatobolewa na spana.