MREJESHO: Niliyeuliza kuhusu siasa kazini, Kigoma

Wakuu, habari za leo. Mwezi uliopita niliomba ushauri: ghalani kwetu hapa Kibirizi, tunakofungasha dagaa, msimamizi alimtoa mwenzetu kwenye mizani akampeleka kubeba magunia, kisa alikuja na kofia ya chama asichokipenda yeye. Nikauliza kama siasa ina nafasi kazini.

Asanteni sana, hasa aliyenielekeza kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 nimekisoma neno kwa neno: kinakataza ubaguzi kazini, na maoni ya kisiasa yametajwa humo pamoja na dini na kabila. Tukaenda kwa bosi watu wanne, mama mmoja mtu mzima akatutangulia kuzungumza. Bosi alinyamaza muda mrefu, anaviringisha uzi wa kushonea magunia kidoleni, kisha akasema mwenzetu arudi kwenye mizani. Karudi Jumatatu.

Kofia zimepigwa marufuku ghalani, za vyama vyote, na hilo naliunga mkono. Ila msimamizi alitaka tusiguse siasa kabisa, hapo nikakataa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, sisi vibarua ndio tuliokaa bila kazi. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali. Tukiujadili huku tunachambua dagaa, tunazungumzia ugali wa watoto wetu.

Msimamizi bado ananinunia. Namwamkia kila asubuhi hivyo hivyo.