Tupeane uzoefu: Amplifaya ya gari inayokata ukipandisha sauti

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Hapa gerejini naletewa sana gari zenye ugonjwa uleule. Muziki ukiwa chini unapiga vizuri. Pandisha sauti, besi ikishuka mara mbili tatu, amplifaya inakata, taa inageuka nyekundu. Shusha sauti, inarudi. Wengi wanafika wakiwa wameshaambiwa amplifaya imekufa. Wanaiuza nzima kwa bei ya kutupa, wanafunga mpya, nayo inakata vilevile. Inaniuma kuona mtu akipoteza pesa hivyo, ndiyo maana naomba kila aliyekutana na tatizo hili aeleze chanzo kilikuwa nini hasa.

Naanza na Noah moja iliyokuja hapa. Niliweka mita kwenye vichwa vya betri, injini ikiunguruma na besi ikipiga: volti 13.4. Nikahamishia mita kwenye skrubu za amplifaya yenyewe, nyuma ya gari: 10.6. Na mita hizi za kawaida ni nzito kusoma, kwa hiyo kila besi ilipogonga volti zilikuwa zinashuka chini zaidi ya hapo. Amplifaya nyingi hujizima zikikaribia 10. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inajiokoa.

Volti 2.8 zilipotelea njiani, ila wapi? Nikapima kutoka negativu ya amplifaya hadi negativu ya betri, muziki ukiendelea: 1.9. Yaani sehemu kubwa ilikuwa inaliwa na ethi peke yake, ule waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi ya gari. Waya ulikuwa umebanwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi. Tulitafuta sehemu nene ya bodi karibu na amplifaya, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukabana kwa bolti na nati yenye meno, kisha tukapaka grisi kuzuia kutu. Ethi ikabaki inakula 0.2. Amplifaya ikasoma 12.3 na haijakata tena. Zile 0.9 zilizobaki upande wa chanya ni za waya mwembamba, na mwenye gari anaujua.

Mdau wa Nairobi

Asante mkuu kwa kuanza na vipimo. Mimi nafunga muziki kwa matatu, na shida yetu kubwa ni umeme wa volti 24. Isuzu za abiria 33 zinatumia betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Amplifaya ni ya 12. Fundi mwenye haraka anatoa moto katikati, kwa betri moja tu. Siku za kwanza nganya (matatu) inapiga safi. Baadaye ile betri inayolisha muziki haijai kamwe, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Hapo ndipo muziki unaanza kukata, na mwenye gari anaenda kununua betri moja mpya, ambayo nayo inaharibika haraka.

Wengine wanaweka kibadilishi cha 24 kwenda 12. Hilo ni wazo zuri, lakini someni ampea zake. Cha ampea 30 kinatoa wati 360 hivi. Amplifaya inayovuta ampea 80 besi ikigonga itakizima tu. Dalili yake ni tofauti: taa ya amplifaya haigeuki nyekundu, inazimika kabisa, kwa sababu umeme wenyewe umekatika. Matatu ya mwisho niliyofanya tulifunga alternata ya pili ya 12 yenye betri yake, muziki ukajitegemea. Ni gharama, lakini gari hiyo inalala na betri zote tatu zikiwa sawa.

Mdau wa Mwanza

Shikamooni wakubwa. Yangu ni IST, na kukata kwake hakukufuata besi kabisa. Inapiga vizuri, nikiendesha mchana muda mrefu inakata, hata nikishusha sauti hairudi. Nikipumzika kidogo inawaka yenyewe. Kaka yangu aliweka mkono juu yake, akautoa haraka. Ilikuwa imefunikwa na zulia la buti, haina hewa hata kidogo. Tuliihamishia kwenye ubao uliosimama nyuma ya kiti, mapezi yakiwa wima. Sasa hivi naenda Bunda na kurudi bila shida.

Fundi wa Arusha

Marahaba dada, umetoa kitu muhimu. Inayokata pamoja na besi na kurudi papo hapo, tafuta umeme kwanza. Inayokata baada ya muda na kugoma kurudi, shika uone joto.

Naongeza la tatu ambalo naliona kuliko yote: omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika; zikiwa chache, amplifaya inavuta mkondo zaidi. Mtu ana sabufa mbili za omu 4 kila moja. Anaziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na negativu kwa negativu, halafu anazipeleka kwenye amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa daraja, yaani chaneli zote mbili zinasukuma mzigo mmoja. Hapo mzigo umekuwa omu 2. Kwenye daraja kila chaneli inauona mzigo huo nusu yake, yaani omu 1. Amplifaya nyingi za namna hii zimeandikwa ubavuni kabisa: daraja, omu 4 na kuendelea. Sauti ya chini itavumilia. Ukipandisha, mkondo unapita kiasi na ulinzi unaikata.

Tiba haigharimu kitu. Kila sabufa ipe chaneli yake, au ziunganishe mfululizo upate omu 8. Nguvu itapungua kiasi, lakini itapiga mpaka mwisho wa safari. Na wale wenye sabufa za koili mbili, tafadhalini, chora mchoro kwenye karatasi kabla ya kubana waya. Koili mbili za omu 4 zinakupa 8 au 2, haziwezi kukupa 4.

Mdau wa Kampala

Ndugu zangu, mimi niliambiwa niweke kapasita (kifaa cha kutunza umeme kwa muda mfupi) ya faradi 1, eti itamaliza kila kitu. Imesaidia nani?

Fundi wa Arusha

Ndugu, nipige hesabu hapa. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 1,000 inazimaliza ndani ya sekunde 0.026. Kama alternata na waya havitoshi, kapasita nayo itakuwa inasubiri kuchajiwa na umeme uleule. Pesa hiyo nunua waya. Na ukinunua, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na inapoteza volti zaidi kuliko shaba ya unene uleule. Muuzaji hatakuambia.

Mdau wa Mombasa

Hamjambo nyote. Gari la ndugu yangu lilipimwa umeme, ethi, joto, omu, vyote sawa, na bado likawa linakata kwenye besi nzito tu. Fundi mmoja mzee akaondoa waya za spika kutoka kwa amplifaya, akaweka mita kwenye sabufa: omu 3.4, kawaida kwa sabufa ya 4. Kisha akaisukuma karatasi ya sabufa ndani polepole kwa vidole vya mikono miwili. Mita ikashuka chini ya 1. Koili ilikuwa imeungua upande, na ikienda mbali nyuzi zake zinagusana. Tungeweza kubadilisha amplifaya tano na isingesaidia.

Mdau wa Kampala

Huyo mzee apewe maua yake. Je, na hii geini? Mimi nimeizungusha mpaka mwisho ili isikike.

Mwanzisha mada

Irudishe chini leo, mkuu. Geini si kitasa cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Ikiwa mwisho, mawimbi ya sauti yanakatika vichwa, sabufa inaungua kama ile ya Mombasa, na amplifaya inavuta mkondo bila faida.

Ukiwa na mita, fanya hivi. Chomoa spika. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti, besi zote za kuongeza zikiwa sifuri, cheza mlio mmoja wa hezi 50. Pima volti za AC kwenye matundu ya spika, pandisha geini taratibu. Kikomo chako ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6, wati 500 kwa omu 2 ni 31.6. Ukifika hapo acha, na tumia wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo, usiamini zile kubwa za kwenye boksi.

Kisha rudisha spika, pima volti kwenye skrubu za amplifaya besi ikipiga, na utuwekee namba hapa pamoja na aina ya gari na unene wa waya. Tutaanzia hapo.