Kikundi: WANA WA BIBI NYEMO 🙏

*Jumatano*

Sifa 19:42
Mbukwenyi wote. Leo naomba tusilete utani. Mama Joy kanipigia, jicho la mama la kulia asubuhi halifunguki mpaka awekewe kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Na Joy ndio anamng'oa kope na kile kibanio kila siku kabla ya shule, mtoto wa darasa la nne kila siku namba ya kuwahi shule anaikosa. Mhudumu wa afya wa kijiji kapita kasema sio uzee, ni vikope, kope zimegeukia ndani zinakwaruza kioo cha jicho. Anatakiwa apasuliwe. Nimeshauliza hospitali ya Mvumi, Jumatatu aende. Nataka vitu viwili tu, hela, halafu akitoka pale atakaa kwa nani

Sifa 19:44
MACHO YA MAMA
1. Sifa 50,000 ✅
2. Elia
3. Daudi
4. Rehema
5. Mama Joy (asidaiwe, yeye ndio anahudumia)
6.
Nakili uongeze lako, usifute la mwenzio

Sifa 20:37
Nimeangalia hapa mmesoma watu tisa

Daudi 20:51
Haoni kivipi dada, Pasaka nimempa elfu kumi imechanika kapembe kadogo tu akanirudishia, nenda kabadilishe 😂😂

Gasper Shemeji 20:52
😂😂😂 ile noti na mimi nilikuwepo

Mama Joy 20:53
anaona kwa la kushoto

Sifa 20:53
Daudi nimesema nini pale juu

Mama Rehema 20:58
_Imesambazwa mara nyingi_
TIBA YA MACHO BILA KISU!! Chukua kitunguu maji kimoja, asali mbichi kijiko kimoja, kamua, dondosha matone 2 asubuhi na jioni siku 21. Mtoto wa jicho, presha ya macho, vikope vyote kwaheri. Tuma kwa uwapendao

Rehema 21:16
Mama tafadhali futa hiyo. Kitunguu kwenye jicho lenye kidonda jamani

Rehema 21:24
Shikamooni wote, niko zamu nitaandika haraka. Bibi hana mtoto wa jicho, msichanganye. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani imekuwa na ukungu, inatolewa inawekwa nyingine. Hii ya bibi ni bakteria, anaambukizwa tangu utotoni, mara kwa mara, mikono, nzi, kuchangia khanga moja kufuta nyuso za watoto, kila akiugua kope la juu linapata kovu kwa ndani, makovu yakizidi linajikunja na nywele zinaingia jichoni. Ndio maana wanawake wanapata zaidi ya wanaume, wao ndio wanashinda na watoto. Upasuaji wenyewe hawaingii ndani ya jicho, wanachoma ganzi kwenye kope wanaligeuza nywele zitazame nje, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila kovu likishakaa kwenye kioo cha jicho halitoki, wanazuia tu lisiongezeke. Kwa hiyo kila wiki tunayobishana hapa anaipoteza bibi sio sisi

Rehema 21:25
Na zile kope akizing'oa zinaota fupi ngumu kama za ndevu, zinachoma zaidi

Daudi 21:31
Daktari wetu 👏👏 mie nilidhani vikope ni vile vya kubandika vya kina dada wa huku Dar

Gasper Shemeji 21:31
😂😂😂😂

Sifa 21:32
Daudi weka hela

Mama Rehema 21:40
_Ujumbe huu umefutwa_

Elia 22:19
Nilikuwa kikaoni. Mbona mwaka ule kijiji kizima walimezeshwa vidonge vya vikope na mama akiwemo, sasa upasuaji wa nini. Halafu si ana bima ya afya ya CHF, mimi nililipa ile 30,000 ya kaya

Rehema 22:26
Baba vile vidonge vinaua bakteria tu, kope iliyokwisha kugeuka haiwezi kurudishwa na kidonge

Sifa 22:28
Kaka Elia CHF uliyolipa wewe iliisha mwaka juzi, ilikuwa ya mwaka mmoja na watu sita, nimeuliza. Hata ingekuwepo haimlipii nauli wala haimpi pa kulala. Kutoka kijijini bodaboda mpaka Mbande, basi mpaka stendi ya Nanenane Dodoma, kesho yake ndio Mvumi, na mtu wa kumsindikiza. Akitoka hapo hawezi kurudi kwenye moshi wa jiko la kuni na vumbi la zizi wakati ana nyuzi kwenye kope. Wiki mbili tu. Mimi chumba kimoja Nkuhungu na watoto watatu. Wewe una nyumba

Elia 22:34
Nyumba ninayo ndio. Lakini naomba na mimi niulize, kila ugonjwa ukitokea ni mimi. Hela ya mbuzi ilipoliwa hakuna aliyeniita kwenye kikundi

Daudi 22:35
Eeh tumefika kwa mbuzi 🍿

Sifa 22:36
Mbuzi wanaingiaje hapa

Elia 22:41
Wanaingia. Wale kumi na moja waliuzwa Kibaigwa kwa ajili ya baba, baba akafa siku ya nne, iliyobaki ikaenda wapi? Nauliza tu. Kuna watu walipiga bati mwezi uleule

Sifa 22:42
Elia sema jina

Sifa 22:42
SEMA JINA

Gasper Shemeji 22:50
Jamani usiku huu

Mama Joy 23:03
mama amelala

*Alhamisi*

Neema Vitenge 05:31
Habari za asubuhi, vitenge vipya doti 22,000 vipo Majengo karibuni 🌸

Mjomba Yakobo 05:58
MIMI YAKOBO. MJUKUU KANISOMEA YOTE. MAMA YETU MIMI NA DADA NYEMO ALIPOFUKA NIKIWA SIJAANZA SHULE. TULISEMA UZEE. HAKUWA MZEE. ALIKUWA ANANG'OA KOPE NA KUCHA MLANGONI NA DADA YANGU MAMA YENU NDIYE ALIMNG'OLEA. MIMI NDIYE NILISHIKA FIMBO YAKE KWENDA KISIMANI MIAKA SITA. MIAKA YA 80 WALIPOKUJA WALE WATAFITI HUKU KONGWA KUPIMA NYUSO ZA WATOTO WAKASEMA NAWENI, MAJI YENYEWE HAYAKUWEPO NA MAMA ALIKUWA KASHAKUFA. SASA JOY ANANG'OA. MBUZI WASITAJWE HUMU MPAKA DADA YANGU AONE. ELIA NIPIGIE

Daudi 07:12
Shikamoo mjomba. Sawa mjomba

Gasper Shemeji 07:15
🙏

Daudi 07:20
MACHO YA MAMA
1. Sifa 50,000 ✅
2. Elia
3. Daudi 40,000 ✅ (nimetuma kwa namba ya Mama Joy)
4. Rehema 30,000
5. Mama Joy (asidaiwe, yeye ndio anahudumia)
6. Gasper 20,000 mwisho wa mwezi

Sifa 07:22
Gasper upasuaji ni Jumatatu, mwisho wa mwezi ni lini

Rehema 09:40
Mimi natuma leo. Na Joy apelekwe naye wamwangalie macho, anashinda na bibi na wanatumia taulo moja. Na wadogo zake. Wenzetu Malawi hapo ugonjwa huu wametangazwa kuumaliza 2022, sisi bado tunagombana kuhusu mbuzi

Daudi 09:41
Mjomba kasema wasitajwe

Rehema 09:41
Samahani mjomba

Elia 13:27
Nimeongea na mjomba. Jumapili mama afikie kwangu, nitampokea Nanenane mwenyewe. Mvumi ampeleke Sifa, mimi Jumatatu niko safarini. Hizo wiki mbili baada ya hapo tutaangalia

Sifa 13:29
Tutaangalia ndio nini kaka. Mama Rehema yupo tayari? Mbona yuko kimya humu

Sifa 13:52
Mama Rehema?

Mama Rehema 15:10
🙏

Sifa 15:11
Hiyo mikono ni ndio au hapana wifi

Mama Joy 18:45
chaji imebaki kidogo. mama amekubali kuja ila anauliza kuku wake nani atawafungia. na anauliza kibanio aje nacho

Sifa 18:46
Kibanio aache huko. Kuku awafungie Joy, eh hapana Joy anakuja naye. Gasper wewe uko jirani hapo

Sifa 19:30
Gasper

Sifa 19:31
Na Kaka Elia mstari wako namba 2 bado uko wazi