Ushauri: bamba lenye matundu 40, vipimo vimejaa mchoroni hadi havisomeki

Mchoraji wa Keko: Wakuu, habari za leo. Ninachora bamba la chuma la mm 800 kwa 400, unene mm 20, lenye matundu 40: 24 ya hesi M5 (yenye mikato ya ndani ya kukaza boliti ya mm 5), 14 ya kupenya ya mm 9, na 2 ya pini, 8H7 (kipenyo cha mm 8 kwa usahihi mkubwa). Nimeandika umbali wa kila tundu kutoka kwa lililotangulia, na sasa mistari imepishana kiasi kwamba haijulikani mshale upi ni wa tundu lipi. Je, nihamie karatasi ya A1, au niugawe mchoro katika kurasa mbili?

Vernia: Karatasi kubwa haitakusaidia. Chagua kona moja ya bamba iwe chanzo, kisha tengeneza jedwali: kila tundu lipewe jina, A kwa hesi, B kwa ya kupenya, C kwa pini, na mbele ya kila jina uandike X na Y kutoka kwenye kona hiyo. Mchoroni yabaki majina tu. Fundi wa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, ataingiza namba kama zilivyo, na hata anayetumia keekee ya mezani atapiga mistari yake yote kutokea kingo mbili bila kujumlisha chochote kichwani.

Mzee wa Karakana: Yaliyonikuta mimi ni ya flanji ya pampu, ile sahani ya kuungia kwa boliti. Mchoro ulionyesha matundu 8 kwenye duara la mm 160, lakini haukusema tundu la kwanza linaanzia wapi. Fundi akaanzia juu ya mstari wa katikati, ilhali matundu ya flanji ya upande wa pili yalikaa kushoto na kulia kwa mstari huo. Tofauti ikawa nyuzi 22.5, na hakuna boliti hata moja iliyoingia. Vijana mnajifunza programu za kuchorea kabla hamjashika tapu ya kukatia hesi. Nendeni karakana kwanza.

Bi. Rula: Mleta mada, hayo matundu 24 ya M5 yanashika nini?

Mchoraji wa Keko: Ni kitako cha kawaida cha mashine.

Bi. Rula: Kitako kinachobeba nini? Bila kujua hilo tunakushauri juu ya uzuri wa mchoro tu.

Mchoraji wa Keko: Kinabeba reli mbili za mwongozo za mm 20, kila moja urefu mm 720, zenye matundu 12 yaliyotobolewa kiwandani kila baada ya mm 60. Niseme pia kwamba mchoro wa mwanzo uko kwa fundi tangu juzi, na malipo ya awali ameshapokea. Sioni tatizo kubwa: 60 ni 60, upime kutoka ukingoni au kutoka tundu jirani, na fundi huyu ana uzoefu wa miaka mingi wala hakuuliza swali.

Vernia: 60 si 60. Kama chini ya mchoro umeandika ISO 2768-m, kiwango cha makosa yanayoruhusiwa, kipimo cha kati ya mm 30 na 120 kinaruhusiwa kukosea kwa 0.3 kila upande. Nafasi 11 zikifuatana, tundu la mwisho linaweza kuhama mm 3.3 na fundi asiwe na kosa lolote. Tundu la reli ni mm 6 na boliti ni 5, kwa hiyo una nusu milimita kila upande. Hata ukipima kutoka ukingoni, kwa umbali unaozidi mm 400 kiwango hicho kinaruhusu 0.8, ndiyo maana jedwali peke yake halitoshi: andika pia kwamba kitovu cha kila tundu la A kikae ndani ya duara la kipenyo cha mm 0.4.

Msema Kweli: Wakuu, hii ni chai. Mtu ana reli mbili mkononi halafu anauliza ukubwa wa karatasi? 800, 400, 720, 60, namba zote zimenyooka. Ni swali la mtihani wa chuo.

Mzee wa Karakana: Hata mimi nimeanza kushuku.

Mchoraji wa Keko: Si swali la chuo. Reli moja haikukatwa sawa: tundu la kwanza liko mm 22 kutoka ncha na la mwisho mm 38, wakati nyingine ina mm 30 pande zote mbili. Safu mbili hazianzii mstari mmoja, na ndiyo sababu niliona afadhali niandike 60 kwa kila nafasi.

Bi. Rula: Iwe chai au isiwe, jibu halibadiliki. Hesi zimeshakatwa?

Mchoraji wa Keko: Bado. Leo anatoboa zile 14 za mm 9, M5 ni kesho.

Bi. Rula: Basi mpigie simu sasa asubiri, kisha mpelekee reli zenyewe. Aibane ya kwanza kando ya ukingo ulionyooshwa kwa mashine, apige alama kwa ponchi inayojaa tundu la mm 6, aiondoe, atoboe kwa biti ya 4.2, ndipo akate hesi. Ya pili aibane baada ya kuhakikisha kwamba iko sambamba na ya kwanza. Na kina ukiandike mara mbili, hesi mm 12 na tundu mm 16 bila kuhesabu ncha ya biti, la sivyo tapu itagota chini na kukatikia ndani.

Mchoraji wa Keko: Amekubali kusubiri. Pini za 8H7 nitaziacha zilivyo kwenye mchoro wa zamani, kwa kuwa ziko mbili tu.

Vernia: Hizo ndizo zinazohitaji jedwali kuliko zote. 8H7 inabana kipenyo ndani ya mm 0.015, lakini haisemi lolote kuhusu mahali tundu lilipo.