Saruji imelowa kwenye tela la wazi, tajiri mwenye mzigo anataka kukata nauli yote

Mwenye swali:
Wakuu, saruji mifuko 600 ya kilo 50, Dar kuja Dodoma, tela la wazi, turubai mbili. Mvua imeanza Gairo. Kwenye kushusha, mifuko 38 ina maji. Tajiri hasaini dilivari (hati ya kupokea mzigo), anasema nauli yote imekwenda. Nina bima kubwa. Nianzie wapi?

Tela la Kizota:
Pole mkuu. Bima kubwa ni ya gari, mzigo una bima yake. Muulize tajiri kama ameukatia. Kama anayo, kampuni ijulishwe leo, kabla kitu hakijatupwa.

Mifuko iliyolowa itengeni, hesabuni pamoja, kisha dilivari iandikwe: 562 mizima, 38 ina maji. Akigoma kusaini, andika kwamba amegoma, weka saa, na mlinzi wa stoo asaini kama shahidi. Ila kabla ya kutenga, picha zipigwe mifuko ikiwa bado kwenye mpangilio wake: tundu la turubai, mshono, sakafu ya tela. Picha ya mfuko ulioshushwa haionyeshi maji yalipita wapi.

Fundi Turubai:
Angalia ilipolowa. Ya juu: turubai. Ya chini: maji yamesimama kwenye sakafu. Lakini mfuko uliogeuka jiwe, karatasi kavu, na jirani zake wote wazima, umepakiwa hivyo hivyo kiwandani au stoo. Hasara ya huo usiibebe wewe. Na mfuko uliokazana pembeni tu kwa kukandamizwa, ukiuviringisha chini unalegea. Huo ni mzima.

Mwenye swali:
Nikikubali kosa kwa maandishi ili nauli itoke?

Tela la Kizota:
Hapana mkuu! Kama una bima ya dhima (inayolipa hasara uliyomsababishia mwingine), nyingi haziruhusu ukiri kosa bila idhini ya kampuni, unaweza kulifunga dai. Jadili hesabu tu. Bei ya ankara, siyo ya dukani: ikiwa 16,000, mifuko 38 ni 608,000, toa thamani ya itakayouzika kwa bei ya chini. Hicho ndicho kinachobishaniwa, nauli iliyobaki ni yako, idai kwa barua.

Fundi Turubai:
Safari ijayo tandika turubai la nyuma kwanza, la mbele lilipande kwa mita moja hivi, upepo usiingie kwenye maungio. Chini weka chaga, mbao za kuinua mifuko. Matundu yatafute ukiwa ndani ya turubai, jua likiwa kali.