Naomba ushauri: paka wangu hataki chakula laini

Habari zenu wapendwa. Nina paka dume wa miaka 6, amehasiwa, ana kilo 6.8. Daktari wa mifugo amesema apunguzwe uzito taratibu na apate maji zaidi, maana miaka yote amekula chakula kikavu tu na bakuli la maji halisogelei.

Nimejaribu chakula laini cha kopo kwa siku 9, nikikichanganya kidogo kidogo na kile kikavu. Analamba mchuzi wote, vipande anavisukuma kwa pua hadi ukingoni mwa sahani, kisha anakaa ananitazama. Kumshindisha njaa siwezi. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake linaweza kuharibika. Kuku wa kuchemsha bila chumvi anamaliza, ila nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na kuchemsha hupunguza taurini anayoihitaji kwa moyo na macho.

Mliowahi kumbadilishia chakula paka mkubwa, mlitumia mbinu gani hadi akakubali? Na huyo kuku, nimpe kiasi gani kwa siku bila kuvuruga mlo kamili? Natanguliza shukrani, kwa kweli roho yangu haijatulia.